Gari la Fahari Porini: Je, Litakurudisha Kambini?

Usiku mmoja wa Agosti 2021, askari kumi na wawili walikesha kando ya korongo kati ya Kotido na Kaabong, bunduki mapajani, wala hawakuwa wakiwavizia wezi wa mifugo. Walikuwa wakililinda gari. Lilikuwa gari jipya la fahari, lenye viti vya ngozi na kioo cha ramani kipana kama sinia, mali ya mgeni mmoja mheshimiwa ambaye jina lake sitalitaja, wala sitalitaja jina la kiwanda kilicholiunda. Lilikuwa limeteremka korongoni kwa madaha, likagonga jiwe lililojificha majini, na papo hapo likakaa kitako kama ngamia aliyechoka. Mifuko ya hewa iliyoshika nafasi ya springi ilikuwa imeishiwa pumzi. Dereva alijaribu tena na tena kuliamsha, hata betri ikafa. Na betri ilipokufa, vioo vya madirisha vikagoma kupanda na breki ya mkono, ambayo kumbe haina mkono bali kitufe, ikayashika magurudumu isiyaachie.

Dereva wetu, koplo mmoja mtu mzima aliyejifunza ufundi chini ya miembe ya karakana ya kikosi, aliinama, akamulika kwa tochi, akainuka polepole. "Afande," aliniambia, "mimi hili nitalifungulia wapi?"

Tangu siku ile nimeulizwa mara kadhaa na wenzangu, askari jeshi na askari polisi, iwapo magari haya mapya ya fahari yavutayo kwa magurudumu yote manne ni mabovu. Jibu langu huwaudhi baadhi yao: la, si mabovu. Mengi yana nguvu kuliko yale tuliyojifunzia kuendesha shuleni kadeti. Swali lenyewe ndilo lililopinda. Mtu aendaye mbali na karakana asiulize tu gari litaharibika mara ngapi, bali aulize pia litakapoharibika nani atalitengeneza, kwa chombo gani, na askari watakaa wapi wakati huo.

Kisa kimoja cha wanajeshi wenzetu wa ng'ambo kinalionyesha jambo hili vizuri. Mwaka 1970 kampuni ya Rover ya Uingereza ilitoa gari liitwalo Range Rover. Ndugu yake mkubwa, Land Rover, alikuwa amezaliwa mwaka 1948, mgumu, mkavu, mwenye springi za kutikisa mifupa. Huyu mdogo alikuja na springi za koili kwenye magurudumu yote manne na injini ya V8 ya lita 3.5. Watu wakasema ni gari la waungwana. Mwishoni mwa 1971 kikosi cha msafara kilichoongozwa na Meja John Blashford-Snell wa jeshi la Uingereza kiliyachukua mawili kutoka Alaska, kaskazini kabisa mwa Amerika, ili yafike ncha ya kusini ya bara hilo.

Barabara ile ndefu imekatika mahali pamoja: Darién, msitu na kinamasi baina ya Panama na Kolombia, umbali wa kilomita mia chache tu. Hapo wale mabwana walitumia zaidi ya miezi mitatu. Walikata miti kwa mapanga, wakafunga ngazi za chuma kuwa madaraja, wakayavusha magari mitoni juu ya mashua ya mpira iliyojazwa upepo. Na huko matopeni difu za magari ya waungwana zikapasuka.

Wengine walisema haraka kuwa gari ni dhaifu. Lakini ilipochunguzwa ilionekana kuwa yale matairi makubwa mapana, yaliyofungwa makusudi kwa ajili ya kinamasi, pamoja na mzigo mzito, ndiyo yaliyozitwisha difu kazi isiyo yao. Makosa ya binadamu, basi, yalichangia si haba. (Ninayaandika haya huku nikikumbuka gari moja la doria lililobebeshwa magunia kumi na manane ya mahindi juu ya askari na risasi zao, kisha likalaumiwa kwa kuvunja ekseli.) Ilibidi msafara usimame, mhandisi wa kiwanda na spea waletwe kwa ndege, na ikapatikana Land Rover kuukuu huko huko Panama, ikavuliwa kila kisicho cha lazima, ikatangulizwa kupasua njia. Magari yote mawili yalivuka, na Juni 1972 yalikuwa yamefika kusini.

Kwa mawazo yangu, kiini cha kisa kile ni kwamba difu ilipovunjika ilifunguliwa pale pale, katika tope na mbu, kwa spana na nguvu za mikono, ikatiwa nyingine, safari ikaendelea. Gari lilikuwa la fahari, lakini lilifunguka.

Sasa tulitazame gari la fahari la leo. Injini yake ya dizeli husukuma mafuta kwa kani iliyo kubwa mara nyingi kuliko ile ya pampu za zamani, kupitia nozeli zenye matundu membamba mno. Ndiyo maana inakwenda kwa utulivu na kunywa mafuta kidogo. Lakini nozeli hizo haziwezi kuvumilia maji wala vumbi. Ni kweli kwamba tangu 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kushusha salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni, nayo ni hatua njema. Lakini mafuta yaliyo safi bandarini yanaweza kufika senta ya mpakani katika pipa lenye kutu, yakapimwa kwa kopo. Magari kadhaa yaliyoundwa kwa kufuata sheria za Ulaya yana tangi jingine la maji ya urea ya kusafishia moshi; yakiisha, injini haikubali kuwashwa tena, hata kama adui yuko nyuma yako. Tena, kihisio kimoja kidogo kikidanganyika kwa tope, kompyuta huipunguzia injini nguvu ili kuilinda. Kompyuta haijui kwamba ndani kuna majeruhi.

Magurudumu nayo yana habari yake. Tairi la inchi 22, lenye ukuta mwembamba kama mkanda, likichanwa na jiwe huko Karamoja hutalipata jingine dukani Moroto. Tairi la 7.50-16 hupatikana hata katika senta ndogo, maana ndilo livaliwalo na magari ya kazi.

Mfano wa magari hayo ya kazi ni Toyota Land Cruiser ya mlolongo wa 70, iliyotolewa 1984. Injini yake ya dizeli ya lita 4.2 iitwayo 1HZ, iliyoanza 1990, haina kompyuta ya kuisimamia. Pampu yake hupima mafuta kwa vyuma. Ni nzito, ina kelele, na mgongo wa abiria hauisahau upesi. Lakini ikiwa na gia za mkono na betri imekufa, watu sita huisukuma ikawaka. Kwa wepesi na usahili wa namna hiyo, askari wa Chad, wakiwa juu ya Toyota zilizofungwa silaha, waliyashinda majeshi ya Libya yenye vifaru huko Fada mwezi Januari 1987 na Ouadi Doum mwezi Machi mwaka uo huo.

Sitaki nieleweke kuwa fahari na uimara havikai nyumba moja. Land Cruiser kubwa ya mlolongo wa 200, iliyotolewa 2007, ina starehe zote na imejijengea sifa njema katika njia mbaya. Land Rover Defender ya zamani ilikoma kuundwa Januari 2016, na hii mpya iliyozinduliwa 2019 inaweza kupita katika maji ya kina cha sentimita 90. Yapo matoleo yake yenye koili badala ya mifuko ya hewa. Afisa akipewa gari la aina hii kwa safari ya mbali, na aulize koili zipo au hazipo, gurudumu la akiba ni kamili au la mapambo, chujio la maji ya dizeli lilimwagwa lini, na kifaa cha kusomea hitilafu za kompyuta amekibeba nani. Kisha asiende na gari moja. La pili liwe la spana.

Sisi siku ile tulikuwa na la spana. Mheshimiwa aliondoka alfajiri amekaa ubavuni mwa koplo, magoti yakigusa gia, akafika Kaabong kabla ya saa tatu. Lori la kulibeba gari lake lilitoka Moroto, likafika korongoni saa nane mchana. Kwa kuwa magurudumu yaligoma kuzunguka, tuliliburura juu ya magogo yaliyopakwa grisi, kidogo kidogo, mpaka likapanda. Wakati wote huo mvua ilikuwa ikinyesha ndani yake.