Kutotolesha mayai ya bata nyumbani kwa mashine

Ndugu mfugaji, kama umezoea kutotolesha mayai ya kuku, usiyaweke ya bata kwa utaratibu uleule. Yai la kuku huanguliwa siku ya 21. La bata wa kawaida huchukua siku 28, na la bata mwenye nyama nyekundu usoni huchukua takribani siku 35. Asiyejua tofauti hii hutupa mayai yenye vifaranga hai.

Kuchagua mayai
Chukua mayai safi, yasiyo na ufa, ya bata wanaoishi na dume. Yahifadhi mahali pa baridi, ncha ikiangalia chini, yasizidi siku 7. Aina mbili za bata usizichanganye kwenye mashine moja, maana siku zao hazilingani.

Joto
Mashine yenye feni iwe nyuzi joto 37.5. Iwashe siku moja kabla ya kuweka mayai, uhakikishe joto limetulia. Joto likizidi huua haraka kuliko likipungua, hivyo usiweke mashine juani wala chini ya bati lisilo na dari.

Unyevu
Hapa ndipo wengi hupoteza vifaranga. Kuanzia Juni hadi Oktoba hewa ya Katavi ni kavu. Yai likikauka mno, kifaranga hugandamana na utando na kufia ndani ya ganda. Weka unyevu asilimia 55 hadi 60. Ukipungua, tumia chombo kipana zaidi cha maji. Upana wa maji ndio unaoongeza unyevu, si kina chake. Lakini usizidishe mapema: yai lisipopoteza maji ya kutosha, kifaranga hukosa nafasi ya hewa.

Kugeuza na kukagua
Geuza mayai mara 3 hadi 5 kwa siku. Nawa mikono kwa sabuni kabla na baada ya kuyashika. Siku ya 8 yamulike kwa tochi gizani. Yai zima huonyesha mishipa ya damu. Lililo jeupe tupu au lenye duara la damu liondoe, kwani likioza linaweza kupasuka na kuchafua mengine.

Siku 3 za mwisho
Acha kugeuza siku ya 25, au siku ya 32 kwa bata wa siku 35. Panda unyevu hadi asilimia 70 au zaidi, kisha usifungue mashine ovyo. Kifaranga akishatoboa ganda anaweza kukaa siku nzima au zaidi kabla ya kutoka. Usimbandue, damu yake bado inaingia mwilini kutoka kwenye utando.

Umeme ukikatika
Usifungue mashine. Ifunike blanketi bila kuziba matundu ya hewa. Ukikawia kurudi, weka ndani chupa za maji ya moto zilizofungwa kitambaa, zisiguse mayai. Jiko la mkaa lisiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa. Gesi yake yenye sumu huua watu.

Mkihamisha ng'ombe kutafuta malisho, abaki nyumbani mtu mmoja anayejua kazi hii. Mpe karatasi yenye tarehe ya kuweka mayai, tarehe ya kuacha kugeuza na tarehe ya kuanguliwa. Kama hayupo wa kubaki, wape kuku watamiao mayai 5 au 6 kila mmoja. Kwa maswali zaidi, mwone afisa mifugo wa kata yako.