Rais Anapopingwa na Watu wa Chama Chake

Rais wa Marekani anayetaka muhula wa pili hapewi tiketi ya chama chake kwa kuwa tu yuko Ikulu. Mwanachama mwingine yeyote mwenye sifa zilizowekwa na katiba anaweza kujitokeza na kuwaomba wapiga kura wa chama wampe yeye nafasi hiyo. Hilo likitokea, rais hulazimika kupigana mara mbili, kwanza na mtu wa kwao, kisha na mgombea wa upinzani. Historia ya mapambano hayo ina jambo la kushangaza. Katika zaidi ya miaka mia moja ya kura za mchujo, hakuna rais aliyeng'ang'ania hadi mwisho akanyang'anywa tiketi. Hata hivyo, William Howard Taft, Gerald Ford, Jimmy Carter na George Bush mkubwa, waliopata wapinzani wazito ndani ya vyama vyao, walishindwa wote katika uchaguzi mkuu uliofuata. Harry Truman na Lyndon Johnson hawakufika hata huko, walijiondoa mapema.

Utaratibu wenyewe unafanana kwa sehemu na kura za mchujo za Kenya au kura za maoni za Tanzania, ambazo wananchi wengi wanazijua kupitia ubunge. Tofauti ni kwamba Marekani kura hizo humgusa hata rais, hupigwa jimbo baada ya jimbo kuanzia Januari au Februari hadi Juni, na mara nyingi husimamiwa na serikali ya jimbo wala si chama. Zaidi ya hapo, hakuna kikao cha juu kinachoketi baadaye kukata jina la aliyeshinda. Kila jimbo lina wajumbe wake, wagombea hugawana wajumbe hao kulingana na matokeo, na anayepata zaidi ya nusu ya wajumbe wote ndiye anayeidhinishwa na mkutano mkuu wa taifa wa chama.

Mambo hayakuwa hivyo tangu awali. Katika karne ya 19 wajumbe walipangwa na wakubwa wa chama, na rais aliyewachosha aliwekwa kando bila mpiga kura wa kawaida kuulizwa. Chama cha Democratic kilimnyima tiketi Franklin Pierce mwaka 1856, baada ya sera yake kuhusu utumwa katika eneo la Kansas kuzaa umwagaji damu. Chester Arthur, aliyeingia Ikulu baada ya James Garfield kuuawa, alinyimwa na chama cha Republican mwaka 1884. Yeye ndiye rais wa mwisho kupatwa na hayo.

Kura za mchujo zilipata uzito wa kweli mara ya kwanza mwaka 1912. Theodore Roosevelt alikuwa amemwachia rafiki yake Taft urais, kisha akaona kwamba Taft ameiacha njia ya mageuzi, akarudi kumdai kiti. Roosevelt alishinda majimbo tisa yaliyopiga kura, pamoja na Ohio, nyumbani kwa Taft. Lakini majimbo mengi yalikuwa bado yanachagua wajumbe kwa mikutano ya ndani, na kamati ya taifa iliyoamua migogoro ya wajumbe ilikuwa upande wa rais. Karibu viti vyote vilivyobishaniwa alipewa Taft. Roosevelt aliondoka kwenye mkutano mkuu wa Chicago kwa hasira akaunda chama chake. Katika uchaguzi mkuu wawili hao waligawana kura za watu wao, na Woodrow Wilson wa Democratic akaingia Ikulu kwa takriban asilimia 42 tu. Taft, rais aliye madarakani, alikuwa wa tatu na alishinda majimbo mawili, Utah na Vermont.

Mwaka 1952 Truman, aliyelemewa na vita vya Korea, aliangushwa na Seneta Estes Kefauver katika jimbo dogo la New Hampshire, na kabla mwezi Machi haujaisha akatangaza kwamba hagombei. Jimbo hilohilo ndilo lililomtikisa Johnson mwaka 1968.

Johnson alikuwa amechaguliwa mwaka 1964 kwa asilimia 61 ya kura, ushindi ambao marais wachache wameufikia. Miaka mitatu baadaye alikuwa na askari karibu nusu milioni Vietnam na hakuweza kueleza vita hivyo vingekwisha lini. Waliopinga vita ndani ya chama walimtafuta mtu wa kumkabili. Robert Kennedy alikataa. Eugene McCarthy, seneta mpole wa Minnesota aliyependa mashairi, akakubali mnamo Novemba 1967, na wengi wakaona anapoteza muda. Mwishoni mwa Januari majeshi ya wakomunisti yakashambulia miji kote Vietnam Kusini, na ahadi za serikali kwamba ushindi u karibu zikakosa wa kuziamini. Wanafunzi wa vyuo walimiminika New Hampshire kumpigia kampeni McCarthy. Wavulana walinyoa ndevu na kukata nywele ili wasiwatishe wazee waliowabishia hodi. Tarehe 12 Machi McCarthy alipata asilimia 42, Johnson 49.

Kwa hesabu, rais alikuwa ameshinda, tena bila jina lake kuwamo kwenye karatasi, kwani wafuasi wake waliliandika kwa mkono. Kisiasa alikuwa amejeruhiwa vibaya. Siku nne baadaye Kennedy naye akaingia. Tarehe 31 Machi Johnson alilihutubia taifa kuhusu Vietnam na mwishoni akatamka kwamba hatatafuta wala kukubali tiketi ya chama chake. Kilichofuata kilikuwa kizito zaidi. Kennedy alipigwa risasi Los Angeles usiku wa ushindi wake wa California, na tiketi ikaenda kwa makamu wa rais Hubert Humphrey, ambaye hakushindana katika kura hata moja ya mchujo, huku polisi wakiwapiga waandamanaji katika mitaa ya Chicago, ulikofanyika mkutano mkuu. Wanachama waliopiga kura dhidi ya vita waliona kura yao haikuhesabiwa kitu, na hapo walikuwa na haki kabisa ya kulalamika. Baadaye chama kiliandika upya kanuni zake, kura za mchujo zikaenea karibu kila jimbo, na wakubwa wa chama wakapoteza neno la mwisho. Jeraha la 1968 ndilo lililozaa mfumo unaotumika leo.

Mfumo huo mpya haukuchukua muda kumbana rais mwingine. Ford hakuwahi kuchaguliwa na taifa. Aliteuliwa makamu wa rais baada ya Spiro Agnew kujiuzulu, akawa rais Agosti 1974 Richard Nixon alipojiuzulu, na mwezi mmoja baadaye akamsamehe Nixon makosa yote. Ronald Reagan, aliyekuwa gavana wa California, alimkabili kutoka mrengo wa kulia. Mwanzoni alishindwa mfululizo: New Hampshire kwa kura zisizofika elfu mbili, kisha Florida na Illinois. Kampeni yake ilikuwa na madeni na wazee wa chama walimtaka ajitoe. North Carolina ikambadilishia mambo. Kwa msaada wa Seneta Jesse Helms, Reagan aliwaambia wapiga kura kwamba serikali inataka kuutoa Mfereji wa Panama, na akashinda.

Hapo Afrika Mashariki nayo iliguswa na mchujo wa Marekani. Mwishoni mwa Aprili 1976 Waziri wa Mambo ya Nje Henry Kissinger alifanya ziara barani Afrika, akapita Nairobi na Dar es Salaam, akazungumza na Mwalimu Nyerere, na tarehe 27 Aprili akatangaza mjini Lusaka kwamba Marekani inaunga mkono utawala wa walio wengi Rhodesia. Kwa Waafrika hayo yalikuwa maneno yaliyochelewa sana. Kwa Reagan yalikuwa silaha dhidi ya Ford. Siku chache baadaye, tarehe 1 Mei, alizoa wajumbe wote walioshindaniwa Texas. Ford hakuiacha sera hiyo, na kwa hilo anastahili heshima, ingawa sehemu nyingine alirudi nyuma: Makamu wa Rais Nelson Rockefeller, aliyechukiwa na wahafidhina, aliwekwa pembeni asiwe mgombea mwenza, na rais akaacha kutumia neno lililoitambulisha sera yake ya kupunguza uhasama na Wasovieti.

Mkutano mkuu wa Kansas City, Agosti 1976, ulifunguliwa bila mtu kujua kwa hakika nani atashinda. Ford alipata wajumbe 1,187 na Reagan 1,070. Kisha Ford akamwita mpinzani wake jukwaani, na hotuba fupi ya Reagan ikawafanya baadhi ya wajumbe wajiulize kama hawakukosea. Novemba Ford alishindwa na Carter kwa tofauti ndogo. Miaka minne baadaye chama kilikuwa mikononi mwa Reagan.

Carter naye hakusalimika. Mwaka 1979 mafuta yaliadimika, bei zilipanda kwa kasi, na tafiti za maoni ya wananchi zikaonyesha Seneta Edward Kennedy akimwacha rais mbali sana. Lakini Novemba 1979 mambo mawili yalimharibia Kennedy. Katika mahojiano ya televisheni alishindwa kueleza vizuri kwa nini anautaka urais, na ubalozi wa Marekani mjini Tehran ulitekwa, taifa likajipanga nyuma ya rais wake. Carter alibaki Ikulu akisema hana nafasi ya kampeni, akashinda Iowa kwa asilimia 59 kwa 31. Kennedy aliamka baadaye, akatwaa New York na California, akafika mkutano mkuu akitaka wajumbe waachwe huru, na akakataliwa. Katika uchaguzi mkuu Carter alishindwa na Reagan, aliyetwaa majimbo 44.

Bush mkubwa alikuwa ameahidi kutopandisha kodi, kisha akazipandisha mwaka 1990. Patrick Buchanan, mwandishi wa habari, alipata asilimia 37 New Hampshire mwaka 1992 na hakushinda jimbo hata moja. Hata hivyo, hoja zake dhidi ya wahamiaji na biashara huria zilibaki chamani, na Donald Trump alizitumia kushinda mwaka 2016.

Wataalamu hubishana kama mpinzani wa ndani humwangusha rais au hujitokeza kwa sababu rais tayari anaanguka. Nixon alipingwa na wabunge wawili mwaka 1972, na bado alishinda majimbo 49. Ushahidi unaelekea upande wa pili: mchujo hauleti udhaifu, huuonyesha mapema kwa tarakimu ambazo hakuna msemaji wa Ikulu anayeweza kuzipinga. Thamani yake iko hapo, na ndiyo sababu marais huuogopa.

Rais hakosi njia za kuuzuia. Kamati ya taifa ya chama huongozwa na watu wake, wafadhili humwogopa, na anaweza kukataa midahalo. Mwaka 2020 chama cha Republican kilifuta mchujo katika baadhi ya majimbo, ikiwemo South Carolina na Nevada, na gavana wa zamani Bill Weld hakumsumbua Trump. Mwaka 2024 Democratic ilifuta wake Florida. Mbunge Dean Phillips alisema waziwazi kwamba Joe Biden amezeeka mno, akapata takriban asilimia 20 New Hampshire, akatoka. Michigan zaidi ya watu 100,000 walichagua kisanduku cha kutomuunga mkono mgombea yeyote, wengi wao wakipinga msimamo wa Biden kuhusu Gaza. Biden alikusanya karibu wajumbe wote.

Tarehe 27 Juni 2024 Biden alisimama na Trump kwenye mdahalo mjini Atlanta, na mamilioni wakayaona yale Phillips aliyoyasema miezi kadhaa kabla. Tarehe 21 Julai alijitoa. Wajumbe waliochaguliwa kumpigia kura yeye walimpa tiketi Makamu wa Rais Kamala Harris, ambaye hakuna mpiga kura wa mchujo wa mwaka ule aliyekuwa ameulizwa kumhusu, na aliyebaki na siku 107 za kampeni kabla ya kushindwa na Trump mwezi Novemba.