Siwati: Usawiri wa Uanaume katika Sauti ya Dhiki

Swali la sifa za nafsineni huonekana jepesi katika Karatasi ya Tatu. Watahiniwa wengi huandika: "Ni jasiri, mkakamavu na mvumilivu," kisha wakapita. Kosa lao si msamiati. Kosa ni kwamba hawajajiuliza ushairi wenyewe unaelewaje ujasiri. Makala haya yananuia kumsaidia mwalimu na mtahiniwa kulijibu swali hilo kwa kuitazama diwani moja iliyotungwa na mwana wa Mvita.

Katika darasa moja la kidato cha tatu hapa Majengo, niliwahi kuwauliza wanafunzi mwanamume kamili ni nani. Wavulana walijibu upesi: ni yule asiyelia, asiyerudi nyuma, asiyeambiwa na mtu. Tuliposoma baadhi ya mashairi ya Sauti ya Dhiki, mmoja wao akanyoosha mkono. "Mwalimu, huyu analalamika. Mwanamume halalamiki." Wenzake wakacheka, lakini alikuwa ametupa swali zito kuliko alivyodhani.

Usuli wa Diwani

Abdilatif Abdalla alizaliwa mwaka wa 1946 mtaani Kuze, Mji wa Kale, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Majengo. Mwaka wa 1968 aliandika kijikaratasi Kenya: Twendapi?, akiikosoa serikali ya wakati huo. Alishtakiwa kwa uchochezi, na mwaka wa 1969, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, akaanza kifungo cha miaka mitatu. Mashairi aliyatunga kwa siri gerezani, mengi akiyaandika kwenye karatasi za chooni. Alifunguliwa mwaka wa 1972, na diwani ikachapishwa mwaka wa 1973.

Mtahiniwa asiugeuze usuli huu kuwa jibu. Mtahini hakuulizi maisha ya mshairi. Hata hivyo, usuli unatuonyesha kwamba maneno ya uthabiti katika diwani hii hayakusemwa barazani baada ya kahawa na kashata. Yalisemwa na mtu ambaye kuyasema kulikuwa na gharama.

Dhiki na Msimamo

Tuanze na anwani. Mshairi angeweza kukiita kitabu chake sauti ya ushindi au ya ushujaa. Akachagua dhiki. Tangu jalada, msomaji anaambiwa kwamba anayesema humu anaumia, wala hafichi.

Kisha tutazame shairi "Siwati". Katika Kimvita, kuwata ni kuacha. Kwa hiyo anwani ina maana ya "siachi". Shairi jingine, "N'shishiyelo ni lilo", lina maana ya "ninaloshikilia ni lilo hilo". Nafsineni anashikilia analoliamini kuwa kweli, na mateso hayatoshi kumbandua.

Hapa ndipo lilipo jibu la yule mvulana. Mtu asiyeumia hana haja ya kusema siwati, maana hakuna kinachomvuta aache. Uthabiti hupimwa na uzito wa kile kinachomkabili mtu. Kwa hivyo kulalamika hakuondoi ushujaa wa nafsineni. Ndiko kunakotuthibitishia kwamba msimamo wake ni wa kweli. Anakiri maumivu, na bado hakiachi alichokishika. Mwanafunzi akiyaona mambo haya mawili kwa pamoja, ameuelewa usawiri wa nafsineni.

Msimamo na Ukaidi

Je, kila asiyeacha ni shujaa? Hapana, na diwani hiyo hiyo inatupa mizani. Katika shairi la majibizano "Mnazi: Vuta N'kuvute", ndugu wawili, Badi na Alii, wanagombania mnazi. Mmoja yuko juu, mwingine chini. Aliye juu hakubali kushuka. Naye, kwa namna yake, anasema siwati.

Walimu wengi hulifunza shairi hili kama istiara ya mgogoro wa kisiasa na wa umiliki, na hawakosei. Lakini likiwekwa kando ya "Siwati" linafundisha jambo la ziada kuhusu tabia. Tujiulize maswali mawili: anashikilia nini, na nani analipa? Katika "Siwati", nafsineni anashikilia kweli, na gharama anailipa mwenyewe. Juu ya mnazi, kinachoshikiliwa ni mali, na gharama inamwangukia ndugu. Huo wa kwanza ni msimamo. Huu wa pili ni ukaidi. Kwa mbali vinafanana, na vijana wengi huviona kuwa kitu kimoja.

Kipimo cha Utu

Kipimo hiki hakiko kwa Abdilatif peke yake. Ahmad Nassir Juma Bhalo, malenga mwingine wa Mvita, alichapisha Utenzi wa Mtu ni Utu mwaka wa 1979. Anwani yake pekee ni hoja: mtu hakamiliki kwa umbo, mali wala jinsia, ila kwa utu, na utu huonekana katika matendo. Methali nayo inasema: ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo.

Kwa mvulana wa Majengo hili si jambo la mtihani tu. Anapita penye wenzake wanaomshawishi aonje unga ili waone kama yeye ni dume. Akikataa ataitwa mwoga. Kwa kipimo cha jibu alilonipa darasani, ameshindwa. Kwa kipimo cha "Siwati", yeye ndiye aliyeshika. Na akimweleza mzazi au mwalimu kwamba anaogopa, hajapunguza uanaume wake hata kidogo.

Mwongozo kwa Mtahiniwa

Unapojibu swali la sifa za nafsineni, zingatia haya:

1. Taja sifa, kisha ueleze inajitokeza wapi katika shairi ulilopewa. Sifa isiyothibitishwa haitoshi.
2. Tofautisha toni na tabia. Toni ya huzuni haimaanishi kwamba nafsineni ni dhaifu.
3. Chunguza anachokishikilia nafsineni na anayeumia kwa sababu hiyo, kabla ya kumwita shujaa.
4. Usimchanganye nafsineni na mshairi. Andika "nafsineni anakataa", si "Abdilatif anakataa".
5. Eleza maneno ya lahaja kwa Kiswahili sanifu, maana mara nyingi sifa imefichwa humo.

Tulipomaliza mjadala, nilimrudia yule mvulana nikamuuliza kama bado anaona nafsineni si mwanamume kamili. Alifikiri kidogo, akasema: "Analalamika, Mwalimu, lakini hajawata." Nilimwambia aliandike hivyo hivyo, kisha athibitishe.

Maswali ya Zoezi

1. "Kukiri maumivu si udhaifu." Jadili kauli hii kwa kurejelea mashairi mawili kutoka Sauti ya Dhiki.
2. Ukirejelea "Siwati" na "Mnazi: Vuta N'kuvute", fafanua tofauti kati ya msimamo na ukaidi.
3. Eleza mchango wa lahaja ya Kimvita katika kuijenga sauti ya nafsineni.