Jeki huinua gari, hailitegemezi

Katika viunga vya Diani na Ukunda, si ajabu siku ya Jumapili kumkuta mwenye gari amelala chali uani, chini ya gari lake, akimwaga oili au akichunguza bomba la moshi. Gari limeinuliwa kwa jeki iliyokuja nalo kutoka Japani, na kando yake limesukumwa jiwe la matumbawe, eti kwa usalama. Mara nyingi hakuna linalotokea. Likitokea, hapana muda wa kujitoa: gari dogo lina uzito wa karibu tani moja, na aliyebanwa kifua hawezi kuvuta pumzi wala kuita.

Hatari huanzia ardhini. Sehemu kubwa ya Diani ni mchanga uliolala juu ya mwamba wa matumbawe. Kitako cha jeki ya skrubu hakizidi kiganja cha mkono. Kikibebeshwa kilo 300 huzama, tena upande mmoja, jeki ikainama na gari likateleza. Kitako cha sentimita 10 kwa 8 kina eneo la sentimita mraba 80. Kikiwekwa juu ya ubao mnene wa sentimita 30 kwa 30, eneo huwa 900, na mchanga hukandamizwa kwa nguvu isiyofika hata sehemu moja ya kumi ya ile ya awali. Sakafu ya saruji iliyo sawa ni bora zaidi, hata ikibidi kuiomba kwa jirani.

Breki ya mkono nayo huaminiwa kupita kiasi. Katika magari mengi hushika magurudumu ya nyuma pekee. Nyuma ikiinuliwa, haina kazi. Gia ya P, kwa gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, hushika hayo ya mbele, lakini moja likiwa hewani, difu huliruhusu lizunguke na mwenzake abingirike. Ndiyo sababu kabari huwekwa mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini.

Kuhusu jiwe la matumbawe, wengi hujitetea kwamba ndilo lililojenga nyumba zao. Ni kweli, ila ukutani mzigo husambazwa na udongo au saruji juu ya jiwe zima. Chini ya gari, chuma hulikandamiza mahali pamoja, nalo, kwa kuwa limejaa vitundu, hupasuka ghafla bila ishara. Tofali la saruji lenye matundu ni baya zaidi.

Jeki ya mafuta pia haitoshi, kwani mzigo wote hushikiliwa na mpira mdogo ambao ukichakaa huvujisha. Kinachotegemeza gari ni stendi mbili za chuma zilizoandikwa uzito zinaoubeba, zikiwekwa mahali palipoonyeshwa katika kitabu cha gari. Pwani, mahali hapo pagongwe kwanza kwa nyundo: chumvi ya bahari hula bati kwa ndani huku rangi ya nje ikimeta.

Gurudumu la akiba lilazwe chini ya ubavu wa gari, ili likianguka libakize nafasi. Kisha gari litikiswe kwa nguvu mtu akiwa bado amesimama nje. Awepo pia mtu wa pili aliye karibu, anayejua kuitumia jeki na mahali ilipowekwa.