Kinyota (*) na alama ya kuuliza (?) katika ruwaza

Katika programu za kompyuta, ruwaza ni kielelezo ambacho mfuatano wa herufi hulinganishwa nacho. Katika ruwaza za majina ya faili za mfumo wa Unix, alama ya kuuliza huwakilisha herufi moja tu, ilhali kinyota huwakilisha herufi zozote, ziwe nyingi au pasiwe na hata moja. Hivyo, pik?a hulingana na “pikia” na “pikwa”, lakini si “pika”. Ruwaza pik* hulingana na yote matatu, na “pikipiki” pia, kwani kinyota hutazama herufi, si maana. Uangalifu wahitajika: amri rm *.txt hufuta faili zinazoishia kwa .txt, rm * .txt, kwa nafasi moja iliyozidi, hufuta faili zote zisizofichwa zilizomo katika folda.