Msimu wa Korosho na Matapeli wa Simu

Korosho zikianza kuuzwa minadani kati ya Oktoba na Januari, simu nyingi za Lupaso hupokea ujumbe ambao wengi wetu tumeshauzoea: "Ile hela itume kwenye namba hii." Anayeutuma hamjui anayeupokea. Huutuma kwa namba nyingi kwa wakati mmoja, akijua kwamba miongoni mwao yupo mtu ambaye kweli alikuwa anajiandaa kutuma ada ya mtoto au kulipa deni la salfa ya mikorosho. Huyo mmoja akituma bila kupiga simu kuuliza, tapeli amepata posho yake. Bei za minada hutangazwa hadharani, kwa hiyo hahitaji mpelelezi kijijini kujua ni wiki gani wakulima wanasubiri fedha.

Huo ni utapeli wa kubahatisha, na mtu makini huufuta ujumbe akaendelea na kazi zake. Unaoumiza zaidi ni ule unaojengwa kwa taarifa zako mwenyewe. Mtu akikupigia, akakutaja kwa majina yako yote, akataja chama chako cha msingi na kilo ulizopeleka ghalani, humwoni tena kuwa mgeni. Akikwambia kwamba malipo yako yamekwama na kwamba ataje namba yako ya siri ili ayafungue, unaweza kumpa hata kabla hujafikiri. Mnunuzi wa kangomba angalau unamwona uso, na kibakuli chake unakiona. Huyu unasikia sauti tu.

Anazipata wapi taarifa hizo? Mara nyingi kwetu sisi wenyewe. Orodha ya wakulima yenye majina, kilo na namba za simu ikipigwa picha na kurushwa kwenye kundi la WhatsApp ili "watu wajue malipo yametoka", imetoka mikononi mwa kijiji. Kitambulisho kikitumwa kwenye simu ya mwenye duka la kutoa nakala pale Masasi, picha yake hubaki kwenye simu hiyo hata baada ya wewe kupanda gari kurudi nyumbani. Mwombe aifute ukiwa bado umesimama pale. Si kumtuhumu, ni kama kudai chenji yako.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalitazami. Namba ya kitambulisho cha Taifa ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Mtu aliyeweka mwaka wake wa kuzaliwa kuwa namba ya siri ya M-Pesa au Airtel Money ameiandika namba hiyo ya siri kwenye kitambulisho chake. Aibadilishe leo. Asiweke mwaka wa kuzaliwa wa mtoto wala 1234.

Kidole chako na laini usizozijua

Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, na baada ya tarehe 20 Januari 2020 laini zisizosajiliwa hivyo zilianza kuzimwa. Lengo lilikuwa kila namba iwe na mwenyewe anayejulikana. Lakini wakala asiye mwaminifu akimwambia mzee "kidole hakijasoma, rudia", anaweza kusajili laini ya pili kwa jina la mzee huyo na kuiuza. Laini hiyo ikitumika kutapeli watu Dodoma au Mwanza, jina litakalotokea ni la mzee wa Lupaso, na yeye ndiye atakayeanza kuulizwa.

Kinga yake ni rahisi. Bonyeza *106# kwenye simu yako, hata ya kitochi, ufuate maelekezo uone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwenye duka la kampuni ya simu husika ukaikane. Vijana wenye muda wawafanyie hivyo wazazi wao, bila kuondoka na namba zao za siri.

Tapeli mwenye sauti ya rafiki

Wenye simu janja wana hatari nyingine. Unatumiwa tarakimu sita za WhatsApp, kisha mtu unayemfahamu anakuandikia kwamba zimekuja kwako kwa makosa, umrudishie. Ukimpa, akaunti yako inahamia kwa tapeli, na huenda ya rafiki yako ilishahamishwa kwa njia hiyo hiyo. Baada ya dakika chache kundi la jumuiya yako linasoma ombi lako la kukopeshwa shilingi 200,000 mpaka kesho. Waumini hutoa kwa sababu wanakuamini. Si jambo jipya: DECI, iliyosimamishwa na serikali mwaka 2009, nayo ilizungumza lugha ya kupanda na kuvuna, na viongozi wake walikuwa wachungaji. Kabla ya kutuma fedha, piga simu usikie sauti ya mwenyewe. Na kwenye mipangilio ya WhatsApp, washa uthibitisho wa hatua mbili.

Kuhusu ujumbe wa "nimekosea namba, nirudishie fedha yangu", angalia kwanza salio lako, si ujumbe. Ujumbe unaweza kuandikwa na yeyote. Hata kama fedha imeingia kweli, usiirudishe wewe. Mwambie aliyekosea awasiliane na kampuni yake.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakupa haki ya kuuliza kwa nini taarifa zako zinachukuliwa na zitatumika kwa kazi gani. Chama, kikundi cha mikopo au ofisi ikitaka nakala ya kitambulisho chako, swali hilo si utovu wa adabu.

Kampuni ya simu ikikupigia, hutumia namba 100. Anayepiga kwa namba ya kawaida akisema anatoka kampuni ya simu, kata. Ujumbe wa kitapeli upeleke kwenda 15040, nawe utaombwa kutaja namba iliyoutuma. Kama fedha imeshakwenda, piga 100 papo hapo, maana ikiwa bado haijatolewa kwa wakala inaweza kuzuiwa, kisha nenda kituo cha polisi ukafungue jalada. Usifute ujumbe wowote kabla ya hapo.