Sheria ilitungwa bila sisi, ikatukamata sisi

Jioni moja mwaka 2003, wiki ya tatu tangu nirudi nyumbani kutoka Kenya, nilikamatwa mjini Kampala nikitafuta njia ya kwenda kwa mjomba wangu. Begani nilikuwa na mkoba wenye vyeti vya ualimu. Mfukoni nilikuwa na pesa za chakula tu. Nikaulizwa: “Unafanya kazi wapi? Unalala kwa nani?” Nikajibu kwa Kiswahili, maana Luganda changu kilikuwa cha kubabaisha. Nililala ndani. Asubuhi mjomba alipokuja kunitoa, ndipo nikaambiwa kosa langu: uzururaji.

Ndugu msomaji, kama umerudi kutoka uhamishoni, au huingia Kampala usiku na mzigo kutoka Busia, Malaba au Mpondwe, huenda kisa hiki si kigeni kwako. Mimi ni mwalimu, na aliyechapwa ana haki ya kuuliza fimbo imekatwa mti gani.

Fimbo hii ilikatwa mbali. Mwaka 1824, baada ya vita vya Napoleon, Uingereza ilikuwa na askari wengi walioachishwa kazi na maskini waliohangaika barabarani. Bunge lao likatunga sheria ya kumwadhibu mtu asiye na njia ya kuishi inayoonekana na asiyeweza kujieleza vya kutosha.

Huku kwetu, Amri ya Mfalme wa Uingereza ya mwaka 1902 ilimpa Kamishna uwezo wa kutunga sheria bila baraza lolote. Makosa ya jinai yaliamuliwa kwa Kanuni ya Adhabu ya India, iliyopitishwa Calcutta mwaka 1860 na Baraza la Kutunga Sheria la huko. Katika baraza hilo hakuwamo Mhindi hata mmoja. Wa kwanza waliteuliwa baada ya mageuzi ya mwaka 1861. Basi mkulima wa Masaka alihukumiwa kwa sheria ambayo hata wenyewe India hawakuulizwa.

Mpaka nao ulichorwa vivyo hivyo. Tarehe 1 Aprili 1902, Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulihamishiwa upande ambao leo ni Kenya, Kisumu ikiwemo. Mimi nilisomea Kisumu, nikiitwa mtoto wa wakimbizi kutoka Uganda, katika mji uliokuwa Uganda wakati babu wa babu yangu yu hai.

Baraza letu la Kutunga Sheria, lililojulikana kama LEGCO, lilikutana mara ya kwanza Entebbe tarehe 23 Machi 1921, Gavana Robert Coryndon akiwa mwenyekiti. Utaratibu wake ulipendeza kuutazama: mswada uliandaliwa na wanasheria wa serikali, ukasomwa mara tatu, ukapigiwa kura, kisha Gavana akauridhia, na London ikabaki na uwezo wa kuufuta. Lakini wengi waliopiga kura walikuwa maofisa wa Gavana huyohuyo. Wahindi walitengewa kiti kimoja, wakakisusia hadi mwaka 1926 wakidai usawa na Wazungu. Mwafrika hakuwa na kiti kabisa.

Ni katika enzi hiyo ambapo Kanuni mpya ya Adhabu ya mwaka 1930 ilichukua nafasi ya ile ya India. Yule mzururaji wa Uingereza ya 1824 akapata makao Uganda.

Waafrika wa kwanza waliingia LEGCO mwaka 1945, baraza likiwa na umri wa miaka 24. Walikuwa watatu: Michael Kawalya Kagwa wa Buganda, Petero Nyangabyaki wa Magharibi na Yekonia Zirabamuzaale wa Mashariki. Nao waliteuliwa, hawakuchaguliwa na wananchi. Mwaka 1950 Kanuni ya Adhabu ikatungwa upya, mzururaji akabaki humo. Uhuru ukaja tarehe 9 Oktoba 1962, bado akabaki. Ndiye aliyenilaza ndani mwaka 2003.

Ilikuwa Desemba 2022 ndipo Mahakama ya Katiba ilipofuta vipengele viwili vya kosa hilo, ikiona kwamba vinakwenda kinyume cha Katiba. Hesabu mwenyewe: kutoka 1824 hadi 2022 ni miaka 198.

Nalisema hili kwa sababu siku hizi hatuwezi tena kumlaumu Gavana. Mswada ukifika Bungeni hupelekwa kwenye kamati, na wananchi wanaweza kupeleka maoni yao. Wenye makampuni makubwa hupeleka wanasheria. Je, mama anayevusha mahindi Busia hupeleka nani? Kiswahili kilitajwa katika Katiba kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, lakini miswada ya kodi na ushuru bado inaandikwa kwa Kiingereza. Vyama vya wafanyabiashara wa mpakani vingeanzia hapo: kudai muhtasari wa kila mswada unaogusa mpaka kwa lugha inayosemwa mpakani, kisha kutuma mtu mbele ya kamati.

Sheria ikishapita, kuing'oa huchukua vizazi. Tusingoje kukamatwa ndipo tuulize ilitungwa lini na nani alikuwepo.